Bahasha Thelathini na Moja

Kopo lenyewe ni la biskuti, la bati, na kifuniko chake kimeshaanza kuliwa na kutu pembeni. Mama alinikabidhi mwaka ule tulipomhamisha kutoka nyumbani kwake Muheza kuja kukaa nasi Dar es Salaam. Safari nzima alilipakata mapajani ndani ya basi. Tulipofika Chalinze ndipo aliponiambia, "Humu mna pesa za baba yako, mwanangu." Usiku ule nikalifungua. Ndani kulikuwa na bahasha 31 zilizofungwa kwa uzi wa katani, zote zina mhuri wa posta ya Mwanza, na nyuma ya kila moja mama ameandika kwa penseli tarehe na kiasi alichopokea: 150. 150. 150. 100. 150. Kisha miezi mitatu hakuna kitu. Kisha 200. Bahasha ya kwanza ni ya Agosti 1979, ya mwisho ni ya Machi 1984. Hiyo ni miezi 56. Chini kabisa palikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne, yenye mhuri wa mahakama ya mwanzo: mdaiwa atatoa shilingi 150 kila mwezi kwa matunzo ya watoto wawili.

Watoto wawili ni mimi na kaka yangu. Lakini katika nyumba ile tulikuwa watatu. Wa tatu ni mtoto wa mama mdogo, aliyezaliwa mwaka 1977, mdogo wangu niliyelala naye mkeka mmoja na kula naye sinia moja mpaka nilipokwenda sekondari. Nililipekua kopo mpaka chini nikitafuta bahasha yake. Hakuna.

Miaka yote nilikuwa nikilieleza jambo hili kwa njia nyepesi: baba yangu alikuwa mzembe, baba yake alikuwa mkatili. Karatasi ile yenye mhuri ndiyo iliyonifanya nianze kuuliza. Kwa nini mama alipata amri ya mahakama na mdogo wake hakupata, ilhali waliishi mji mmoja na watoto wao walikula chungu kimoja? Nikaanza kurudi nyuma, nikipita njia ileile waliyopita wao, na nyayo zao zikanitoa nje ya Muheza, zikanitoa hata nje ya Tanzania.

Upande wa mama njia ni fupi. Sheria ya Ndoa ilipitishwa mwaka 1971 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huohuo, baada ya waraka wa serikali wa mwaka 1969 uliozusha mabishano makubwa misikitini, makanisani na bungeni. Ilizikusanya ndoa zote chini ya paa moja: za Kiislamu, za Kikristo, za kiserikali na za kimila. Kifungu cha 129 kinasema mwanamume ana wajibu wa kuwatunza watoto wake, wawe kwake au wawe mikononi mwa mtu mwingine, kwa malazi, mavazi, chakula na elimu, kulingana na uwezo na hadhi yake. Kifungu cha 125 kinaanza na dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Sheria haikuweka kiwango cha juu. Hakimu alimwuliza baba mshahara wake, akamwuliza mama mahitaji ya watoto, akaandika 150. Kabla ya hapo mama alikuwa amekwisha kaa mbele ya baraza la usuluhishi, kama sheria inavyotaka, wazee wakawasikiliza wote wawili na kuandika kwamba wameshindwa kuwapatanisha.

Upande wa mama mdogo njia ni ndefu, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi.

Nilikwenda kumwuliza mwenyewe. Bado anaishi Muheza, na bado anauza maandazi asubuhi. Alinyamaza kwa muda, mikono ikiendelea kukanda unga, kisha akasema, "Nilikwenda, mwanangu. Usidhani sikwenda. Hakimu akaniuliza, shahidi wako nani? Nikamwambia, baba, mambo yale watu hawaiti shahidi. Akaniuliza mtoto ana umri gani. Nikasema mwaka na miezi mitatu. Akaniuliza kama yule bwana aliwahi kutoa pesa yoyote ya mtoto. Nikasema siku ya arobaini alileta kanga na kilo mbili za sukari. Akasema, imeandikwa wapi?"

Faili likafungwa siku ileile.

Nilimchukia hakimu yule kwa wiki nzima, mpaka nilipoisoma sheria aliyokuwa akiitumia. Katika vitabu vya sheria za Tanganyika iliitwa Sura ya 278. Ilitungwa mwaka 1949, enzi za Mwingereza, ili mwanamke asiyeolewa aweze kumpeleka mahakamani mwanamume aliyemzalisha. Kila swali aliloulizwa mama mdogo lilitoka humo. Neno la mama peke yake halikutosha, lilitakiwa kuungwa mkono na ushahidi mwingine. Maombi yalipaswa kupelekwa kabla ya kujifungua au ndani ya miezi kumi na miwili baada ya mtoto kuzaliwa, isipokuwa kama mwanamume alikuwa ametoa pesa za matunzo ndani ya mwaka huo wa kwanza. Na hata mama akishinda, sheria iliweka kikomo. Mahakama haikuweza kuamuru zaidi ya shilingi mia kwa mwezi.

Kwa hiyo katika nyumba yetu mtoto wa ndoa alipimwa kwa uwezo wa baba yake, na mtoto wa nje ya ndoa alipimwa kwa shilingi mia. Mkeka mmoja, sheria mbili.

Ukifuata nyayo za Sura ya 278 kurudi nyuma zinakufikisha Uingereza ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Mwaka 1576 bunge la huko liliwapa mahakimu uwezo wa kumwamuru baba wa mtoto wa nje ya ndoa atoe fedha kila wiki. Nilipoisoma sababu yake nilisikitika kweli. Watoto wale walikuwa wakilelewa kwa fedha za parokia, na walipa kodi walichoka kuwalisha. Sheria ilitungwa ili kuuokoa mfuko wa parokia. Mwaka 1834 Waingereza wakaibana zaidi, lawama ikamwangukia mwanamke. Mwaka 1844 mama akaruhusiwa kwenda mahakamani kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1872 kikawekwa kikomo cha shilingi tano kwa wiki, na ndani ya sheria hiyohiyo mna ile miezi kumi na miwili, na mna lile sharti la ushahidi wa kuunga mkono. Mambo yale yakapanda meli, yakavuka bahari, yakafika Tanganyika. Mwanamke wa Muheza mwaka 1978 alikuwa akihojiwa kwa mashaka ya watu waliokufa zamani, waliomwogopa msichana mjamzito wa kijiji chao asije akawaongezea kodi.

Ni haki kusema kwamba wakati fulani shilingi mia ilikuwa pesa ya maana. Baada ya tume ya Chesworth, kima cha chini cha mshahara Dar es Salaam kilipandishwa mwaka 1963 kufikia shilingi 150 kwa mwezi. Kwa kipimo hicho shilingi mia ni theluthi mbili ya mshahara wa kibarua. Mwaka 1966 nchi ilipoanza kutumia shilingi yake yenyewe, dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi saba na senti kadhaa, hivyo mia ilikuwa dola 14. Kisha shilingi ikaanza kushuka, polepole kwanza, halafu kwa kasi katika miaka ya themanini. Kikomo hakikuguswa. Ilipofika mwaka 2009 dola moja ilikuwa kiasi cha shilingi 1,300. Fedha ambayo sheria ilimruhusu mama aidai kwa mwezi mzima, kwa unga, dawa, sare na daftari za mtoto, ilikuwa haifiki senti nane za Marekani. Ilikuwa sarafu moja, ile ya njano yenye sura ya Mwalimu upande mmoja na swala wanaokimbia upande wa pili. Konda wa daladala asingeipokea.

Wanaharakati wa haki za wanawake walilipigia kelele jambo hili miaka nenda miaka rudi, na likaandikwa katika taarifa zilizopelekwa hadi Umoja wa Mataifa. Sheria ikaendelea kukaa vitabuni.

Kenya walikuwa na sheria ya namna hiyohiyo, iliyotungwa mwaka 1959. Wasichana waliitumia, nao wanaume wakalalamika, na malalamiko yakafika bungeni kwamba eti wanawake wameifanya mtaji. Mwaka 1969 bunge lile, ambalo halikuwa na mwanamke hata mmoja, likaifuta. Hawakuweka kitu cha maana mahali pake. Ilibidi mtoto wa nje ya ndoa wa Kenya angoje Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, na hata hiyo ilimwachia mlango baba asiyemwoa mama. Mlango ule ulianza kuzibwa na katiba ya mwaka 2010, ambayo katika ibara ya 53 inasema wajibu wa mama na wa baba kwa mtoto ni sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Wenzetu waliikata sheria kwa shoka. Sisi tuliiacha ioze ikiwa imesimama. Kwa mtoto aliyelala na njaa sioni tofauti.

Na kabla ya Mwingereza? Swali hili watu huniuliza wakitarajia niseme kwamba mila zetu zilikuwa pepo kwa mtoto, au zilikuwa jehanamu. Ukweli umekaa vibaya kwa wote. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilitangaza sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, kazi iliyokuwa imeanzishwa na Hans Cory, mtaalamu aliyezunguka miaka mingi akikaa na wazee wa Usukuma, Buhaya na kwingineko. Humo mtoto wa ndoa ni wa baba. Mtoto wa nje ya ndoa ni wa upande wa mama, ila baba anaweza kumhalalisha kwa kumwoa mama, au, kama hataki kuoa, kwa kumlipa baba wa msichana shilingi mia kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Shilingi mia tena! Hapa inanunua haki ya baba juu ya mtoto, na inalipwa mara moja tu. Mtoto mwenyewe hapati hata uji kutokana na pesa ile, inaishia mfukoni kwa babu.

Lakini ndani ya mila hizohizo niliona jambo ambalo mama mdogo angelipenda. Mwanamke akimtaja mwanamume kuwa ndiye baba, mwanamume hawezi kukana tu kwa maneno. Ni juu yake kuthibitisha kwamba hakuwahi kukutana naye. Wazee walianza kwa kumwamini mama. Sheria ya Mwingereza ilianza kwa kumshuku. Laiti kesi ya mama mdogo ingesikilizwa chini ya mwembe, kwa kanuni hiyo, yule bwana ndiye angeulizwa shahidi wake ni nani. Na kwa Waluguru, Wamakonde na Wazaramo, ambao mtoto kwao ni wa ukoo wa mama, mzigo ulibebwa na mjomba, na mtoto hakukosa pa kuitwa kwao.

Sisi ni Waislamu, na siwezi kuipita njia hii bila kuligusa neno moja. Neno letu "nafaka", tunalolitumia kwa mahindi, mpunga na mtama, asili yake ni Kiarabu, nafaqa, na huko maana yake ni matumizi ambayo mtu anapaswa kuwatolea wanaomtegemea. Kurani katika Sura ya Pili, aya ya 233, inamtwika baba chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, na Sura ya Talaka inalirudia jambo hilo kwa mke aliyekwisha achwa. Mashehe wa pwani husimulia pia habari ya Hind, mke wa Abu Sufyan, aliyemlalamikia Mtume kwamba mumewe ni bahili. Akaambiwa achukue katika mali ya mumewe kinachomtosha yeye na wanawe, kwa wema. Mwanamke yule hakuambiwa asubiri mwezi uishe.

Ila hapo nako mtoto asiye wa ndoa hunasibishwa na mama yake, na kadhi anapokwisha kusema hivyo hana njia ya kumfikia baba. Zanzibar mambo yaliwahi kuwa mazito zaidi. Sheria ya mwaka 1985 iliruhusu msichana asiyeolewa aliyepata ujauzito kufungwa jela hadi miaka miwili. Ilipobadilishwa mwaka 2005 kifungo kiliondolewa, mahali pake ikawekwa huduma kwa jamii. Nimewahi kukaa na mwanamke wa Unguja aliyejificha shamba kwa shangazi yake mpaka alipojifungua kwa kuiogopa sheria ile. Mtu anayejificha asikamatwe atamdai nani matunzo?

Sheria ya Mtoto ilipitishwa bungeni Novemba 2009, na ndiyo iliyoifuta Sura ya 278 kwa upande wa Tanzania Bara. Nimeisoma mara nyingi kuliko sheria nyingine yoyote, na ninakiri kwamba mara ya kwanza nilipoisoma niliinuka nikatembea ukumbini. Kikomo cha shilingi mia hakimo tena. Mahakama inaangalia kipato na mali ya wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Inaweza kuamuru malipo ya kila mwezi au ya mkupuo. Anayeomba si lazima awe mama, anaweza kuwa ndugu, mlezi, afisa ustawi wa jamii, au mtoto mwenyewe kupitia mtu mzima. Ushahidi wa ubaba nao umepanuka: jina katika rejista ya vizazi, sherehe ya kimila aliyoifanya baba, kule kumtambua mtoto hadharani, kukataa kupimwa, na kipimo cha vinasaba ambacho kwetu hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Nasoma "sherehe ya kimila" na kuikumbuka ile kanga ya siku ya arobaini na zile kilo mbili za sukari.

Hata hivyo foleni haijaisha. Aprili 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza kwamba kina mama waliotelekezewa watoto wafike ofisini kwake Ilala. Walifika mamia, wengine tangu alfajiri, na watoto mgongoni. Magazeti yalishughulika zaidi na majina ya wakubwa waliodaiwa kutajwa. Mimi nilishughulika na idadi ya wale waliokuwa wamesimama juani. Sheria ilikuwa na miaka minane, na bado mama wa Dar es Salaam aliona ni rahisi kumfikia mkuu wa mkoa kuliko kumfikia hakimu.

Sababu nimeijua nikiwa nimekaa kwenye benchi la ofisi moja ya ustawi wa jamii, ambako niliruhusiwa kusikiliza siku tatu. Wanaume wengi wanaoitwa wanakuja. Wanaketi, wanakubali, wanatia saini elfu hamsini, elfu themanini, wengine laki. Mwezi wa kwanza pesa inaingia kwenye simu ya mama. Wa pili inaingia nusu. Wa tatu namba haipatikani. Mwenye ajira rasmi anaweza kukatwa kwa mwajiri wake, lakini wengi waliopita mbele yangu walikuwa mafundi, madereva wa bodaboda, wachuuzi. Mama anarudi ofisini, anaambiwa aende mahakamani kukazia, anahesabu nauli na siku za kazi atakazozikosa, anakwenda mara moja, harudi tena. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yangu mwaka 1984. Bahasha zilipokoma alikwenda mahakamani akaambiwa alete anuani ya mdaiwa, na baba alikuwa amekwisha hama Mwanza. Nchi ilikuwa imetoka katika mwaka wa misako ya wahujumu uchumi, sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, na mama aliamua kwamba siku moja kwenye foleni ya sabuni ina faida kuliko siku moja mahakamani.

Nilimwuliza kwa nini aliandika nyuma ya kila bahasha. Nilidhani ni kwa sababu ya deni, kwamba siku moja angemwonyesha baba miezi 25 aliyoikosa. Akatikisa kichwa. "Niliandika kwa sababu ya mama yako mdogo. Yeye aliulizwa imeandikwa wapi."

Mdogo wangu sasa ana watoto wawili na ameachana na baba yao. Simu yake ina ujumbe wa kila malipo tangu Januari 2016, hajafuta hata mmoja, na amri yake ya matunzo ameipiga picha akaihifadhi sehemu tatu. Mwaka jana alikwenda kukazia hukumu. Alikwenda mara nne. Ya nne, mwanamume alilipa miezi sita kwa mpigo mbele ya karani.

Nimemwachia kopo. Baba yake mwenyewe, aliyeleta ile kanga, alifariki bila kutoa kitu kingine. Sura ya 278 ilipofutwa, mdogo wangu alikuwa na miaka 32.